Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: wagonjwa wa ulaji tunaowaandikia vidonda vya tumbo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu, Mganga Mkuu wa Serikali na Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania,

YAH: KUINGIZA MATATIZO YA ULAJI KATIKA MIONGOZO YA TIBA NA LISHE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni afisa lishe katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kazi yangu mnaijua: watoto wenye utapiamlo mkali, wajawazito wenye upungufu wa damu, wagonjwa wa kisukari na presha wanaotaka kuambiwa kwamba wali hauna neno. Nawaandikia kuhusu kundi ambalo halimo kwenye orodha hiyo. Ni watu ambao chakula kipo nyumbani na hawali. Wengine wanakula halafu wanakwenda chooni kujitapisha. Wengine wanakula usiku kwa kificho mpaka tumbo linauma, kisha wanabaki na aibu. Wengi wao ni wasichana, ila wavulana wapo, na akina mama wa miaka 40 wapo pia. Vitabu vinayaita maradhi haya, kwa mfuatano huo, anoreksia, bulimia na ulaji wa kupindukia. Ninachosema katika barua hii ni kimoja: sehemu kubwa ya ujuzi wa kuwatibu tayari tunao ndani ya majengo yetu, lakini umekaa wodi ya watoto na kliniki ya afya ya akili, na hakuna waraka unaouruhusu kuvuka korido.

Mgonjwa wa namna hii haji akisema ana shida ya ulaji. Anakuja na barua ya matroni wa shule: maumivu ya tumbo, kizunguzungu, hedhi imekata. Anapimwa malaria, mimba, taifodi na bakteria wa vidonda vya tumbo. Anapewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, anarudi bweni. Akija tena amekonda zaidi, anapimwa VVU na kifua kikuu, na hapo sina ugomvi na mtu, maana katika nchi yetu mtu akikonda bila sababu ni lazima apimwe hivyo viwili. Ugomvi wangu ni pale majibu yanapotoka safi na kila mtu akashusha pumzi, kana kwamba kutokuwa na VVU ndiyo kupona. Kwenye rejista anabaki na mstari wa vidonda vya tumbo, au ule wa magonjwa mengine. Nyumbani safari nyingine inaanza: kisomo, maombezi, kwa mganga. Siwalaumu wazazi. Sisi ndio tuliowaambia kwamba hospitali haikuona kitu.

Nimpe sura mmoja wao, nikibadilisha mambo kadhaa asitambulike. Kidato cha tatu. Alikuja amevaa sweta katika joto la Februari, na mikono ilikuwa ya baridi kama ametoka kuosha vyombo. Mapigo ya moyo yalikuwa 42 kwa dakika. Vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na sugu, kwa sababu vidole ndivyo vinavyoingizwa kooni na meno huvikwangua kila mara. Meno ya mbele yalikuwa yamelika kwa upande wa ndani kwa asidi ya tumbo. Mashavu yalikuwa yamevimba chini ya masikio, mpaka mtu mmoja kabla yangu alikuwa ameandika matumbwitumbwi. Sugu zile za vifundo zina jina katika vitabu vya tiba, la daktari Gerald Russell wa London, aliyeieleza bulimia kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1979. Kuziona hakuhitaji maabara wala umeme. Kunahitaji mtu aliyewahi kuambiwa autazame mkono.

Kilichonitisha zaidi kilikuja baada ya kulazwa. Alining'iniziwa dripu ya dextrose, yaani maji ya sukari. Mama akaleta mtori, shangazi akaleta uji wa lishe uliotiwa karanga na maziwa, shangazi wa pili akaja na juisi ya miwa. Kila aliyeingia wodini alisema ale, ale, na mtoto mwenyewe kwa uchovu na aibu akawa anakubali. Kwa mwili uliokaa na njaa kwa wiki nyingi, hapo ndipo hatari ilipo. Mwili wenye njaa huishi kwa kuchoma mafuta na misuli yake. Ukiupa wanga mwingi kwa ghafla, insulini inapanda, na seli zinavuta madini ya fosifeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwa pamoja. Viwango vinaanguka ndani ya siku chache, moyo unapoteza mwendo, mtu anaweza kufa huku familia ikishukuru Mungu kwamba hatimaye amekula. Madaktari waliyaona haya kwa wafungwa wa vita waliokaa na njaa, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia: walikuwa wamevumilia njaa ya muda mrefu, wakaangushwa na sahani. Siku ile kipimo cha fosifeti hatukuwa nacho.

Nikaenda wodi ya watoto. Muuguzi wa zamu alinisikiliza, akauliza: huyu si marasmasi tu, ule utapiamlo wa kukonda wa watoto, ila mrefu? Kisha akanitajia kwa kichwa, bila kufungua kitabu, zile hatua 10 za Shirika la Afya Duniani za kumhudumia mtoto mwenye utapiamlo mkali: sukari isishuke, mwili usipoe, dripu isitolewe ovyo, madini yarekebishwe, maziwa ya tiba ya F-75 yatolewe kidogokidogo kila baada ya saa 2 au 3, na F-100, yenye nguvu zaidi, isubiri mpaka mwili utulie. Wauguzi wetu wamefundishwa haya kwa miaka, na kwa fedha nyingi. Wanayajua kuliko madaktari vijana wengi wa wodi ya watu wazima. Lakini mwongozo wanaofanyia kazi unamhusu mtoto mdogo, na binti wa miaka 16 analala jengo lingine ambako hakuna aliyewahi kushika kopo la F-75.

Sisemi tumchukue binti huyo tumlishe kama mtoto wa miezi tisa. Utafiti umesonga, na umesonga upande ambao haukutarajiwa. Kwa miongo kadhaa hospitali za Ulaya na Marekani zilianza na chakula kidogo mno kwa kuogopa hatari niliyoieleza, na baadhi ya wagonjwa wakaendelea kudhoofika vitandani. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwanzoni mwa muongo huu lililinganisha vijana walioanza na kalori 1400 kwa siku na walioanza na 2000. Wale wa 2000 walitulia haraka zaidi, na madini kwenye damu hayakuvurugika kuliko ya wenzao. Ila walipimwa damu mara kwa mara, na fosifeti ilikuwapo pembeni. Kwetu, ambako kipimo hicho leo kipo kesho hakipo, kuanza kwa tahadhari na kutoa vitamini B1 kabla ya wanga bado ndiyo akili. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo kuliko linavyosikika: kurasa chache katika mwongozo wa matibabu wa taifa kuhusu namna ya kumlisha kijana na mtu mzima aliyejinyima chakula, na fosifeti iwe miongoni mwa vipimo ambavyo hospitali ya mkoa hairuhusiwi kukosa.

Kwenye hizo kurasa naomba kiingizwe pia kipimo kimoja cha bure. Mwongozo wa dharura uliotolewa mwaka 2022 na chuo cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Uingereza unamtaka mgonjwa alale chali kisha akae bila kujisukuma kwa mikono, halafu achuchumae na kuinuka bila kushika kitu. Akishindwa kabisa, au mapigo yakiwa chini ya 40, hiyo ni hatari kubwa inayotaka hospitali. Zahanati yoyote ina sakafu na saa.

Sasa tiba yenyewe, kwa maana kumlisha mtu wodini ni kumtoa shimoni, bado hajafika nyumbani. Najua mtajiuliza tutatoa wapi wataalamu wa saikolojia. Swali ni la haki. Madaktari bingwa wa afya ya akili ni wachache, na kila mgonjwa hawezi kupandishwa basi kwenda hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Lakini tiba iliyothibitishwa zaidi kwa vijana wenye anoreksia, kwa bahati, inasimama juu ya kitu tulicho nacho kwa wingi. Ilianzia hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, na kiini chake ni wazazi. Mtaalamu hamtoi mtoto kwa familia ili amtibu pembeni. Anawakusanya wote, anawaambia kwamba hakuna aliyesababisha ugonjwa huu, na anawakabidhi wazazi mamlaka yote ya chakula: nini, kiasi gani, saa ngapi, na kukaa naye mpaka sahani iishe. Uzito ukirudi, mamlaka yanarudishwa kwa mtoto polepole. Mwishoni ndipo yanazungumzwa mambo mengine ya ujana. Vikao ni kama 20, ndani ya miezi 6 hadi 12. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010 kwa vijana 121 lilikuta kwamba mwaka mmoja baada ya tiba, asilimia 49 ya waliotibiwa kupitia familia walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 23 ya waliotibiwa peke yao na mtaalamu.

Wazazi wengi nikiwaeleza hili wananiuliza kwa nini tusianze na mazungumzo, tujue kwanza kinachomsumbua. Jibu bora ninalolijua ni jaribio la Minnesota la mwaka 1944 na 1945, ambapo vijana 36 wenye afya, wote wanaume, walijitolea kuishi kwa nusu ya chakula kwa miezi 6. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili walipoanza. Njaa ilipowakolea, wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanajitenga, wanakasirika kwa neno dogo, wanakata mkate vipande vidogo ili uchelewe kuisha. Baadhi walipofunguliwa walikula bila kuweza kujizuia kwa wiki nyingi. Kwa hiyo yale tunayoyaita kiburi, kudeka au mashetani, mengi ni njaa yenyewe inazungumza. Huwezi kufanya kikao cha maana na ubongo usiolishwa.

Lakini msiichukue tiba hii kama ilivyo London mkaibandika hapa. Imebuniwa kwa mama anayeweza kuomba likizo. Huku kwetu mama anaondoka alfajiri na ndoo ya vitumbua na kurudi saa nane mchana, na baba yuko migodini Geita. Atakayekaa na mtoto kwa kila mlo ni bibi, au dada mkubwa, au jirani, na huyo ndiye anayepaswa kuitwa kikaoni hata kama jina lake halimo kwenye kadi ya bima. Halafu kuna sinia. Tunakula pamoja, na ni jambo jema, lakini katika sinia la pilau la watu sita hakuna anayejua binti amechukua matonge mangapi. Nimemwona mmoja akisogeza mkono, akifinyanga tonge, akilirudisha ukingoni, mpaka wenzake wakashiba. Mama yake alikuwa ameapa kwamba mtoto anakula vizuri. Kwa familia kama hiyo agizo la kwanza ni kumpakulia sahani yake, na kumweleza bibi kwamba si kumtenga. Haya hayamo kwenye kitabu cha Maudsley, na yeyote atakayeandika mwongozo wetu akiwa ofisini tu atayakosa.

Shule za bweni ni ngumu zaidi. Huko mzazi hayupo na matroni mmoja anaangalia mamia. Pendekezo langu ni kwamba mwanafunzi aliyethibitika arudishwe nyumbani kwa muda bila kufutiwa nafasi, na hilo linahitaji makubaliano yenu na Wizara ya Elimu, kwa sababu mkuu wa shule hawezi kulifanya kwa huruma yake binafsi.

Kwa bulimia na ulaji wa kupindukia habari ni njema zaidi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unaanza na kijitabu cha kujisaidia: mgonjwa anajaza kila anachokula na alivyojisikia, anarudi kwenye milo ya kawaida kwa saa zake ili njaa isimlipue usiku, na anakutana kwa muda mfupi na mtu aliyefundishwa kumfuatilia. Akishindwa hapo ndipo anapelekwa kwenye vikao kamili, ile tiba ya kubadili fikra na tabia iliyoendelezwa na Christopher Fairburn wa Oxford, ambayo kwa kawaida ni vikao 20 katika wiki 20. Dawa ya fluoksetini kwa miligramu 60 husaidia bulimia. Ni dawa ya bei nafuu, na tayari imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haisaidii anoreksia, na haipaswi kutolewa peke yake. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu kidonge kikishakuwepo, mazungumzo huwa yamekwisha.

Kijitabu cha Kiswahili, basi, na watu wa kukifuatilia. Zimbabwe wamewafundisha akina bibi kuketi kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuwasaidia wenye msongo na sonona kwa hatua zilizopangwa, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Sidai wapewe kesi za anoreksia; hizo zinaua, na katika kila vifo vitano vya ugonjwa huo kimoja ni cha kujiua. Nadai tu kwamba kijitabu cha bulimia hakimshindi muuguzi wa kliniki ya wilaya aliyepewa mafunzo na simu ya kumpigia daktari.

Kuhusu utafiti nitakuwa mkali kidogo, mtaniwia radhi. Kila nikilitaja suala hili kwenye kikao naambiwa ni ugonjwa wa Wazungu, au wa watoto wa matajiri wa Masaki. Mwaka 2004 watafiti walichapisha kazi waliyofanya katika shule za sekondari za wasichana nchini Ghana. Waliwakuta wanafunzi 10 waliokonda kwa kujinyima chakula. Hawakusema wanaogopa unene. Walizungumza kuhusu kufunga, kujitawala, kuishinda njaa kwa ajili ya imani. Ukitumia dodoso linaloanza na swali la hofu ya kunenepa, mabinti hao 10 wanapita wote wakiwa wazima. Kwa watu wa Pwani hili linapaswa kutuzindua. Mwenye kufunga Ramadhani kisha sita za Shawwal kisha Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima huku anapukutika, nani atamuuliza? Hatusemi funga ni ugonjwa. Masheikh wenyewe wanajua kwamba mgonjwa ana ruhusa, na wangekuwa wasaidizi wetu wa kwanza kama tungewaendea.

Upande wa pili kuna kosa la kinyume. Afrika ya Kusini, utafiti mwingine wa mwaka 2004 uliwauliza vijana weusi wa familia maskini maswali ya dodoso maarufu la kigeni, na alama zikatoka juu. Walipokaa nao na kuwahoji, ikaonekana kwamba baadhi waliyaelewa maswali kwa namna yao. Mtu akiulizwa kama anawaza chakula mara kwa mara, na nyumbani hakijapikwa tangu jana, atasema ndiyo, na atakuwa mkweli. Sasa chukueni dodoso hilohilo mlipeleke Kishapu mwezi wa njaa. Mtapata takwimu za kutisha, na zote za uongo.

Sisi wenyewe hatujaanza kutoka sifuri. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Kitanzania zaidi ya 200, ukaonyesha kwamba dalili hizi zipo na kwamba ziliambatana na kukutana zaidi na vyombo vya habari na mambo ya Magharibi. Hiyo ilikuwa kabla ya kila mwanafunzi kuwa na simu ya mtelezo. Na Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wajawazito wanaokula udongo na wanga mbichi na kuhusisha tabia hiyo na upungufu wa damu, jambo ambalo kila mkunga alilihisi. Tukitaka, tunajua kuuliza. Naomba Taasisi ya Chakula na Lishe iongoze utengenezaji wa maswali yetu, yajaribiwe Tanga na Mbeya na Unguja kabla ya kuitwa ya taifa, kisha yaingizwe kwenye tafiti za lishe ambazo mnazifanya tayari. Na rejista ipewe mstari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa wa akili, toleo la 2016, una sura ya sonona, saikosisi, kifafa na ulevi, lakini hauna sura ya matatizo ya ulaji. Tukisubiri iandikwe Geneva tutasubiri sana.

Jambo la mwisho linaihusu mamlaka ya dawa, na halihitaji utafiti. Chai za kupunguza tumbo na vidonge vya kuharisha vinauzwa mitandaoni na stendi kwa mabinti ambao hawana tumbo la kupunguza, na duka hilohilo linauza vidonge vya kunenepa kwa dada zao. Anayeharisha kila siku anapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo hautoi taarifa.

Sijaomba jengo. Nimeomba kurasa, kipimo cha fosifeti, kijitabu, mstari kwenye rejista, makubaliano na Wizara ya Elimu, na ruhusa kwa muuguzi wa wodi ya watoto kuitwa wodi ya watu wazima bila kuonekana amekimbia zamu yake. Kamati ya kuandika ikiundwa, naomba awemo yeye kabla yangu.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa lishe, hospitali ya rufaa ya mkoa

Nakala: Waganga Wakuu wa Mikoa, Maafisa Elimu wa Mikoa, wazazi na matroni watakaoisoma kabla yenu